Samaki wa Bahari Chini ya Mvua ya Likasi

9 Oktoba 1994

Daktari aliusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, kisha akasema nisipange mambo ya kiangazi kijacho. Nilimshukuru. Nimefundisha biolojia katika lise, sekondari ya wasichana, tangu ujana wangu. Najua moyo ni msuli, na msuli huchoka. Basi nimebakiwa na majira moja ya mvua, na humo nataka kitu kimoja tu: samaki wangu watage, niyaone mayai yakianguliwa, kisha niende zangu.

Naanza kwa kuungama hilo. Mjini hakuna mishahara, watu wanang'oa milango ya nyumba zao na kuiuza wapate unga, na mimi Emérance, mjane, mzee wa kuegemea ukuta, namwomba Mungu kwa ajili ya samaki watatu wasiolika.

11 Oktoba

Nieleze walivyofika. Baada ya uporaji wa mwaka 1991, Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka karibu na soko alikuja kwangu na sanduku lake kubwa la kioo juu ya mkokoteni. Aliniambia, "Mwalimu, mu Likasi yote ni weye peke yako hautabakaanga." Akaniachia samaki, kipima-chumvi na magunia ya chumvi, akapanda gari.

Kwa Kifaransa huitwa poisson-clown. Hawazidi urefu wa kidole. Rangi yao ni ya mawese mabichi, na kila mmoja amefungwa mikanda mitatu myeupe yenye pindo jeusi, kana kwamba fundi alishona akaona haitoshi, akaongeza uzi. Hawaogelei kama samaki wa mtoni. Hujitikisa mwili mzima wakibaki palepale, kama watu wanaongoja muziki uanze. Kwao ni kwenye miamba ya matumbawe, katika maji ya vuguvugu, ndani ya mikono ya anemoni: mnyama aliye kama ua, ambaye huwachoma samaki wengine wote. Hawa hawachomwi, kwa sababu wamejipaka ute wanaoutengeneza wenyewe. Silaha ya mwenzao ndiyo nyumba yao.

Anemoni wetu alikufa mwaka wa kwanza. Wakahamia katika chungu kilichovunjika mdomo, na wanakilinda kwa ukali uleule.

Mkubwa ni jike, namwita Madame. Anayemfuata kwa ukubwa ni mumewe, Monsieur. Wa tatu ni Kadogo. Kadogo bado si mume wala mke. Anajizuia kukua. Akiongezeka kidogo tu, wakubwa watamng'ata na kumfukuza, basi hula mwisho, na akipishana na Madame hulala ubavu na kutetemeka.

Mimi sijawahi kuona bahari.

15 Oktoba

Mvua ya kwanza. Fupi, yenye vumbi.

18 Oktoba

Binti yangu Martine na mumewe Rolly wanakaa nami tangu Agosti, walipotolewa kwenye nyumba ya kambi ya wafanyakazi wa machimbo. Rolly anavunja mawe ya chokaa kule Kakontwe. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani. Ndiyo heshima ya bukwe. Ukiwa na nyumba yako na yeye ana yake, ni jambo jepesi. Katika nyumba ya vyumba viwili ni mchezo wa kuigiza. Yeye anakohoa mlangoni, mimi nageukia ukuta, anapita.

Njia tuliyoipata ni samaki. Leo asubuhi Rolly alisimama nyuma ya pazia:

"Madame samaki, minye naenda Kakontwe. Kama mwenye nyumba anataka mabwe meupe ya kutia mu mayi, akuambie."

Nikamjibu Madame, "Mwambie kwamba yale ya juzi yalikuwa na udongo."

"Madame, umwambie mwenye nyumba nitayasukula mara mbili."

Martine alikuwa anakoroga bukari, ugali wetu, jikoni. "Hii samaki njo bakalimani! Siku moja bataomba mushahara, tutabalipa na nini?"

Mawe hayo meupe ya chokaa nayahitaji ili maji yasiwe makali. Bahari yenyewe hufanya hivyo kwa matumbawe yake.

Na hili pia niliungame: desturi hiyo inanifaa. Marehemu mume wangu Germain alikuwa mkuu wa maabara, nami nilimtakia Martine mtu wa karatasi na kalamu. Bukwe imenipa ruhusa takatifu ya kutomtazama yule aliyemchagua mwenyewe.

26 Oktoba

Mama Anne, jirani, anayesali na Martine katika kanisa la maombi, amekuja kuchungulia kwenye kioo bila kukaa.

"Mwalimu, bantu banasema ile ni batoto ya Mamba Muntu. Banasema ule mwanamuke-samaki wa mu mayi anakuletea makuta, feza mingi."

"Anne, ungalie mu chungu yangu. Lengalenga, majani matupu bila mafuta. Mamba Muntu wangu ni mvivu sana."

Alicheka mpaka akakaa. Lakini alipoondoka alijipitishia mkono juu ya kichwa, kama anayefukuza pepo.

2 Novemba

Umeme umekatika tangu asubuhi, na pampu ya hewa imenyamaza. Maji yasipotikiswa samaki hukosa pumzi, kwa hiyo huchotwa kwa kikombe na kumwagwa toka juu. Martine alifanya hivyo hadi alipokwenda sokoni. Baada yake alifanya mtu mwingine, alasiri nzima, wakati mimi nimelala nimegeukia ukuta. Sikuwa usingizini.

6 Novemba

Umeme umerudi. Wote wazima.

14 Novemba

Madame amegoma kula kapenta, dagaa niliyomsagia. Mikanda yake myeupe imekuwa ya kijivu.

15 Novemba

Anajikwaruza kwenye chungu. Anahema juu ya maji. Chumvi nimeipima: sawa. Joto: sawa.

16 Novemba

Nimemwambia Martine maneno mabaya. Nilimwambia kwamba Mama Anne na watu wa kanisa lao wamemwaga mafuta ya upako ndani ya maji nilipokuwa misani. Alisema, "Mama, hakuna muntu aliingia." Sikumwamini.

17 Novemba

Madame amekufa asubuhi.

Niliingiza mkono kuondoa chungu ili nimtoe. Macho yangu yana ukungu siku hizi, lakini vidole bado vinaona. Nyuma ya chungu palikuwa na kitu laini, kizito, cha ukubwa wa yai. Nikakitoa dirishani kwenye mwanga. Jiwe la malakiti. Limesuguliwa likang'aa, kijani juu ya kijani, duara ndani ya duara.

Mtu yeyote wa Likasi angelishika kwa mikono miwili. Ndilo jiwe tunalowapa maaskofu na wageni. Uzuri wetu wote umo humo. Na ni shaba. Ukiliweka jiwe hilo katika maji ya chumvi, shaba inaachia kidogokidogo, na samaki wa bahari akiivuta kwa mashavu yake anakufa. Katika mji mwingine mtu anayependa kumpamba samaki angetia kokoto. Kwetu tu ndiko mtu hutia sumu kwa sababu ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyonacho.

Nilipiga kelele. Martine alitoka jikoni, akaliona jiwe mkononi mwangu, akakaa chini sakafuni kama mtoto.

"Mama, ni Rolly."

"Rolly gani?"

"Rolly yangu. Alilipata kwa rafiki yake wa mugodi ya Kamatanda. Alimupa viatu vyake vya kazi. Kila siku ya Mungu alikuwa analisugua na muchanga. Alisema: mama-mukwe hatumupe kintu mu mukono, basi nitapatia samaki yake."

"Lakini kwa nini hakuuliza?"

Martine akanitazama. "Angeuliza nani, Mama? Samaki?"

Pazia halifiki chini. Niliona miguu ya Rolly nyuma yake, pekupeku, vidole vimechanwa na mawe ya Kakontwe. Nilikuwa sijawahi hata kuitazama miguu yake. Hapakuwa tena na Madame wa kupitishia neno.

18 Novemba

Sikuamka.

20 Novemba

Nimeamka kwa hasira, na hasira ni dawa nzuri. Monsieur na Kadogo bado wanahema. Miaka yote mji huu umetoa shaba katika mawe. Sasa mimi natakiwa kuitoa katika maji. Makaa yaliyooshwa yatanyonya sehemu. Lakini dawa kamili ni bahari mpya.

Chumvi ipo, ya Mgiriki. Kuna chumvi ya kuharisha kutoka duka la dawa, na bikabonati. Kinachokosekana ni maji. Ya bomba hapana: mabomba yetu ni ya shaba. Ya bati la nyumba hapana: bati lina zinki, nayo inaua. Inatakiwa mvua iliyotoka mbinguni bila kugusa kitu.

Nikamwambia Monsieur kwa sauti, "Mwambie aliye nyuma ya pazia: inahitajika bashi safi, turubai kubwa la plastiki, la kukinga maji ya mvua uwanjani."

Pazia likatikisika: "Monsieur, umwambie mwenye nyumba nitaleta leo."

Akaleta. Sijui ameazima kwa nani.

23 Novemba

Mawingu, halafu upepo, halafu hakuna kitu.

27 Novemba

Jua.

3 Desemba

Jua. Mahindi ya majirani yamejikunja. Watu wanaombea mvua kwa ajili ya mashamba, na mimi naingia katika sala yao kwa mlango wa nyuma. Kadogo hajiinui tena kutoka chini.

8 Desemba

Leo nitaandika yote.

Mchana mbingu ya upande wa Kamatanda ilikuwa nyeusi. Martine alikuwa sokoni. Rolly alikuwa amerudi mapema na yuko uwanjani anafunga bashi kwenye vijiti vinne. Upepo ulifika kabla ya maji, ukang'oa vijiti viwili, na bashi ikapaa kama shuka la kichaa. Alishika pembe mbili. Pembe mbili nyingine zilikuwa zinapiga hewani. Mtu mmoja hawezi kushika bashi.

Aliita, "Martine! Martine!" Anajua kuwa hayupo. Aliita jina lake kwa sababu langu hana ruhusa ya kuliita.

Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka chini na kupotea. Maji niliyoyangoja karibu wiki tatu yalikuwa yanaingia udongoni. Nilisimama mlangoni nikiwa na fimbo yangu na desturi yangu. Nikaiacha fimbo.

Nilikwenda nikashika pembe moja, nikajifunga ya pili kiunoni. Bashi ilipotandazwa, hapakuwa na namna: anayeshika upande huu anamtazama anayeshika upande ule. Mvua ikamwagika. Nikamwona.

Ana makovu madogo ya vipande vya chokaa kwenye paji la uso. Ana macho ya mtu anayesikiliza. Ni kijana kuliko nilivyomdhania. Alikuwa amefumba macho kwa heshima, maji yanamtiririka usoni, naye anashikilia gizani.

"Rolly," nikamwambia, "fungua macho, utamwaga bahari yangu."

Akafungua.

"Mama-mukwe, ninaona haya."

"Haya itakuja baadaye. Inua upande wako. Inua!"

Akainua. Nikapiga kelele za darasani, akapiga kelele za machimboni, yangu "kushoto!", yake "shikilia!", na katikati yetu maji yakajaa tumbo la bashi, mazito, meupe kama kioo. Mama Anne alitoka barazani kwake akashika kichwa. "Yesu wangu! Mukwe na mama-mukwe! Banangaliana!"

"Anne," nikamwita, "leta bidoni, utashangaa kesho!"

Akaleta. Akaleta madumu mawili. Tukajaza pipa zima la plastiki. Mvua ilipokatika miguu yangu ilikataa, na Rolly akanibeba ndani kama kuni kavu. Yule mtu ambaye hakuruhusiwa kunipa jiwe mkononi.

9 Desemba

Nikiwa kitandani nilimwelekeza Rolly, bila samaki kati yetu. Chumvi kiasi gani, koroga vipi, ngoja mpaka yatulie, soma kipima-chumvi kwa usawa wa jicho. Aliniuliza maswali. Maswali mazuri.

"Mama, kwa nini hatutie mayi mapya yote mara moja?"

"Kwa sababu hata mtu aliyetoka gerezani Buluo humlishi ng'ombe mzima siku ya kwanza."

14 Desemba

Homa. Kifua. Martine anaandika kwa niaba yangu: Mama anasema niandike kwamba Kadogo amekula.

25 Desemba

Wazee husema mkwe hafunguliwi kwa maneno, hufunguliwa kwa chakula. Martine alipika kuku aliyeletwa na Mama Anne. Nilikaa kitini, nikamwita Rolly aingie bila kukohoa. Nilimmwagia maji mikononi mwenyewe, nikampa finyango la kwanza kwa mkono wangu, mkono kwa mkono. Mama Anne akapiga mpundu, vigelegele vyake vikatoka mpaka barabarani.

Kisha nikamwambia yale ninayoyaandika hapa: kwamba nilijificha nyuma ya heshima ili nimdharau kwa raha. Alimung'unya finyango, akameza.

"Mama, minye nilijua."

"Ulijua?"

"Nyuma ya pazia bantu banasikia mingi."

Martine alicheka mpaka machozi. Mimi nilichelewa kidogo, kisha nikacheka kuliko wote.

19 Januari 1995

Sasa limefika jambo ambalo nimelifundisha kutoka vitabuni maisha yangu yote. Monsieur anakua. Amekuwa mpana, ana tumbo, anamkimbiza Kadogo kisha anamngoja. Jike mkuu akifa, samaki hawa hawatafuti jike wa mbali: mume mwenyewe hugeuka kuwa jike, na yule mdogo aliyejizuia, sasa nafasi ipo, hukua na kuwa mume. Nilimweleza Rolly.

"Yaani Monsieur njo anakuwa Madame?"

"Kabisa."

"Na Kadogo?"

"Anakuwa bwana wa nyumba."

Alimtazama Kadogo. "Alikuwa anangojea tu nafasi," alisema taratibu, akaenda kuchota makaa.

12 Februari

Mvua kila siku. Mimi kitandani. Rolly amehamisha kioo mbele ya mto wangu.

26 Februari

Kadogo anasafisha jiwe la chokaa kwa mdomo wake, anang'ata kila chembe na kuitema mbali. Madame mpya anamsaidia akijisikia. Nimemwambia Rolly asiguse kitu. Nimemwambia mara nyingi mno; ameniambia ninyamaze, nipumzike. Nimenyamaza!

11 Machi

Yametagwa. Alasiri, mbele ya macho yangu. Madame alipita juu ya jiwe tumbo likigusa, polepole, safu baada ya safu, na Kadogo nyuma yake akiyarutubisha. Mayai ya rangi ya mawese, yamesimama wima kama shamba dogo la mahindi. Nililia, sioni aibu.

15 Machi

Kadogo haondoki. Baba ndiye mlezi. Anayapepea kwa mapezi yake mchana kutwa yapate hewa, na yaliyokufa anayala yasiozeshe mazima. Umeme ulikatika. Rolly, Martine na Mama Anne walipokezana kikombe. Mama Anne alikuwa anaimba nyimbo za kanisa lao, na samaki hawakuonekana kuchukia.

19 Machi

Jana mayai yalikuwa ya fedha: kila moja lina macho mawili yanayokutazama. Nilijua yataanguliwa giza likiingia, maana baharini giza huwaficha watoto wasiliwe. Tukafunika kioo kwa kitenge, tukangoja. Rolly alipofunua na kusogeza kibatari, maji yote yalikuwa hai. Vijisindano vya kioo, vyenye macho, vinapanda kuelekea mwanga. Katika Likasi! Mbali hivi na bahari yoyote, katika maji tuliyoyashika kwa plastiki!

Rolly alipiga yowe. Majirani wakajaa. Akasimama mbele yao akawaeleza, na mimi nikasikiliza kama mkaguzi wa shule asiye na la kusahihisha: huyu mkubwa aliyetaga alikuwa bwana mwaka jana, huyu mdogo ndiye baba, njo anachunga mayai, mama anazunguka tu.

Mama Anne alishika kiuno. "Rolly! Fanya mayi ya chumvi ingine, pipa mukubwa. Kesho nitatia bwana yangu mule."

Walicheka mpaka mlango wangu ukayumba. Mpundu zikaanza nyumba hii, zikapokewa nyumba ile, mpaka chini ya barabara, kwa watu wasiojua hata wanachokishangilia.

24 Machi

Padri alikuja na mafuta matakatifu. Nilimwambia dhambi zangu, hasa ile ya pazia. Akauliza kama kuna nyingine. Nikamwambia kwamba mji umekufa njaa na mimi nimekuwa na furaha kupita kiasi. Akasema hiyo hana kitubio chake.

2 Aprili

Watoto wengi wamekufa, kama nilivyojua. Ni wadogo mno, na chakula chao kiko baharini tu. Rolly alihuzunika siku mbili, kisha akaanza kujaribu ute wa yai uliochujwa kwa kitambaa. Sikumwambia mimi.

Mvua inakwisha. Nilikuwa nimesinzia alasiri nilipomsikia anamfokea Mama Anne: "Toa mukono mu mayi, iko na mafuta!" Halafu sauti ya Martine, chini, akimwita mumewe aje aone, na Rolly: "Hapo juu ya libwe! Banatoa mayai tena! Njo banatoa tena!"

"Tumuamushe Mama?"

"Mwache alale. Minye niko hapa."

Sikuamka. Hapakuwa na haja.